Chembe za fedha na ishara ya Raman: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa kemia na fizikia wanaoingia maabara kwa mara ya kwanza. Mengine huulizwa na watu wa kilimo na ubora wa vyakula walioambiwa kwamba kuna leza inayoweza kuona molekuli moja. Pale watu wanapokwama nimejibu kwa urefu, na penye jibu fupi nimejibu kwa ufupi. Neno "fedha" humu ni ile ya kutengenezea bangili, si ya mfukoni.

Mtawanyiko wa Raman ni kitu gani?

Ukielekeza leza ya kijani kwenye kichupa cha kimiminika kisafi, nuru nyingi hupita. Kidogo hutawanyika pande zote, na karibu chote hutoka na rangi ileile iliyoingia nayo. Lakini takriban fotoni moja (punje moja ya nuru) katika kila milioni kumi hutoka imebadilika. Imeiachia molekuli nishati kidogo, molekuli ikabaki inatetema, na fotoni ikatoka imepungukiwa, rangi yake imesogea kuelekea wekundu. Kiasi ilichosogea ndicho nishati ya mtetemo ule, na kila aina ya molekuli ina mitetemo yake. Kwa hiyo ukichora nuru iliyosogea unapata safu ya vilele, iitwayo spektra, inayoitambulisha molekuli kama alama ya kidole inavyomtambulisha mtu.

C. V. Raman na K. S. Krishnan waliugundua mtawanyiko huu Kolkata mwaka 1928, na Raman akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Mwaka huohuo wa 1928 Landsberg na Mandelstam waliuona kwenye fuwele kule Moscow.

Kama ni mzuri hivyo, fedha inahitajika ya nini?

Kwa sababu ni dhaifu mno. Moja katika milioni kumi inatosha ukipima unga mkavu au kimiminika kisichochanganywa na kitu. Ukitafuta mabaki ya dawa ya kunyunyizia kwenye ganda la tunda, molekuli unazozitaka ni chache, na fotoni wanazotoa hupotea kabisa kwenye kelele za kifaa. Juu ya hapo, sampuli nyingi za asili hung'aa zenyewe zikipigwa leza, na mng'ao huo huufunika mtawanyiko wa Raman kama taa za gari zinavyofunika mshumaa. Fedha husaidia pande zote mbili: hukuza ishara ya Raman, na molekuli iliyoshikamana na metali hupungua kung'aa.

Chembe ya fedha inafanya nini hasa?

Fikiria mtu aliyebeba ndoo ya maji. Akitembea kwa mwendo wowote, maji yanachezacheza tu. Lakini ukiwepo mwendo unaolingana na mwendo wa maji yenyewe, maji hupanda, hushuka, mwisho humwagika, ingawa mbebaji hakuongeza nguvu. Elektroni huru ndani ya chembe ya fedha ni kama maji yale. Uwanja wa umeme wa nuru huzisukuma huku na huku, na nuru ikiwa na masafa yanayolingana na masafa yao, zote hutikisika kwa pamoja kwa kishindo. Mtikisiko huo wa pamoja huitwa plazimoni. Chembe ya mviringo yenye kipenyo cha nanomita 40 hivi, ikiwa ndani ya maji, huitikia nuru ya nanomita 410 hivi, ndiyo maana koloidi nzuri ya fedha, yaani maji yenye chembe hizo zinazoelea ndani yake, huwa ya njano.

Elektroni zikitikisika hivyo, uwanja wa umeme kando ya uso wa chembe huwa mkubwa kuliko ule wa leza iliyoingia. Molekuli iliyokaa hapo hupigwa na nuru kali kuliko tunayoitoa sisi. Halafu, nuru ya Raman inapotoka, chembe ileile huirusha nje kama antena. Ukuzaji hutokea mara mbili, kuingia na kutoka, na hapo ndipo hesabu inapokuwa tamu: uwanja ukikua mara 10, nguvu ya nuru inayoingia hukua mara 100, inayotoka mara 100 nyingine, jumla mara 10,000. Uwanja ukikua mara 30, ishara hukua mara 810,000. Ongezeko dogo la uwanja hubadilisha kila kitu. Ukilishika hilo, mengi yanayofuata yatajieleza.

Upo pia mchango wa kikemia, yaani molekuli ikifungana na fedha, elektroni huhama kati yao na ishara hupanda tena, kwa kawaida mara 10 hadi 100. Mchango mkubwa lakini ni wa uwanja.

Kwa nini fedha na si dhahabu au shaba?

Fedha hupoteza nishati kidogo kuliko zote mbili katika nuru inayoonekana. Dhahabu na shaba zina rangi zao kwa sababu zinaimeza nuru ya buluu na kijani, na ndoo yenye kitambaa ndani haiwezi kumwagika. Ukiwa na leza ya kijani ya nanomita 532, dhahabu haikusaidii sana na fedha inakusaidia. Ukienda kwenye leza za wekundu na zaidi, dhahabu inafanya kazi vizuri, tena haichujuki wala haiingii weusi, na ndani ya kiumbe hai ni salama kuliko fedha. Mimi hupenda fedha kwa ukali wake, lakini kwa kitu cha kukaa rafuni miezi sita ningechagua dhahabu.

Jambo hili liligunduliwa vipi?

Kwa kutafuta kitu kingine. Mwaka 1974, Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, Martin Fleischmann, Patrick Hendra na James McQuillan walikuwa wakichunguza molekuli iitwayo piridini kwenye elektrodi ya fedha, yaani kipande cha fedha kinachopitisha umeme kwenye kimiminika. Waliikwaruza elektrodi kwa umeme ili iwe na mabonde mengi, eneo liongezeke, molekuli nyingi zipate pa kukaa. Ishara ikaja kubwa, nao wakaihesabu kuwa kazi ya eneo. Mwaka 1977 makundi mawili, Jeanmaire na Van Duyne kule Northwestern, Marekani, na Albrecht na Creighton kule Kent, Uingereza, walipiga hesabu wakaona eneo haliwezi kueleza. Kila molekuli ilikuwa inatoa ishara mara 100,000 hadi milioni moja zaidi ya kawaida. Mwaka 1978 Moskovits akapendekeza kuwa chanzo ni mtikisiko wa elektroni niliousimulia hapo juu. Njia hii leo hujulikana kwa kifupi cha Kiingereza SERS, yaani mtawanyiko wa Raman uliokuzwa na uso wa metali.

Watu husema "nukta moto". Ni nini?

Ni mapengo. Chembe mbili za fedha zikikaribiana mpaka zibakishe nanomita moja au mbili kati yao, uwanja ndani ya pengo hilo hukua kupita kiasi kinachopatikana kwenye chembe moja iliyo peke yake. Molekuli iliyobahatika kukaa ndani ya pengo hutoa ishara kwa niaba ya maelfu ya wenzake walio nje.

Kipimo kinachonivutia kuliko vyote katika fani hii kilichapishwa mwaka 2008 na Fang, Seong na Dlott. Walitumia uso wa fedha iliyotandazwa juu ya vitufe vidogo, wakahesabu molekuli zilivyogawanyika kwenye maeneo yenye ukuzaji tofauti. Katika kila molekuli 1,000,000, ni 63 tu zilizokuwa kwenye nukta kali kabisa, zile za ukuzaji unaozidi bilioni moja. Hizo 63 zilichangia asilimia 24 ya ishara yote. Upande wa pili, asilimia 61 ya molekuli zilikuwa kwenye maeneo baridi na zikachangia asilimia 4 tu.

Zisome tena namba hizo. Unapoitazama spektra yako, huoni sampuli yako yote. Unaona wachache waliokaa mahali pazuri.

Nimesoma kwamba ukuzaji unafika mara trilioni 100. Ni kweli?

Mwaka 1997 makundi mawili, la Kneipp na wenzake na la Nie na Emory, yalitangaza kuona molekuli moja moja kwenye chembe za fedha, na namba za aina hiyo zilitoka hapo. Kuona molekuli moja ni kweli, kumethibitishwa kwa njia nyingine baadaye. Namba ndiyo iliyorekebishwa. Le Ru, Etchegoin na wenzao waliipitia hesabu upya mwaka 2007 na kuonyesha kuwa ukuzaji wa milioni 10 hadi milioni 100 unatosha kuona molekuli moja, hasa rangi kama rodamini 6G ambayo tayari huitikia leza yenyewe. Mtu akikutajia ukuzaji, muulize amehesabuje idadi ya molekuli zilizokuwa chini ya leza. Namba nyingi kubwa huzaliwa kwenye makadirio hayo.

Naweza kutengeneza chembe za fedha mwenyewe?

Unaweza, na nakuhimiza. Njia ya Lee na Meisel ya mwaka 1982 inahitaji vitu vitatu: nitrati ya fedha, sodiamu sitrati na maji yaliyokenekwa. Yeyusha miligramu 90 za nitrati ya fedha kwenye mililita 500 za maji, chemsha huku ukikoroga. Yakichemka, ongeza taratibu mililita 10 za sitrati ya asilimia 1, kisha acha yaendelee kuchemka kama saa nzima.

Dakika za mwanzo hakuna kinachoonekana, na wengi hudhani wamekosea. Usiongeze kitu. Kwanza huja unjano hafifu sana, ambao unauona tu ukiweka karatasi nyeupe nyuma ya flaski. Unjano hukolea, halafu huingia ukungu, na mwisho unabaki na kimiminika cha njano yenye ukijani, kizito machoni, ambacho ukikishika dhidi ya dirisha kinaonekana rangi moja na ukikitazama kutoka upande wa nuru kinaonekana nyingine. Kilele cha ufyonzaji wake kiko karibu na nanomita 420. Chembe zake hazilingani: zimo za mviringo, zimo ndefu kama vijiti. Ikitoka kijivu kitupu au ikaacha kioo cha fedha ukutani mwa flaski, imwage kwenye chombo cha taka za fedha uanze upya. Mara nyingi mkosaji ni flaski chafu. Osha kwa asidi ya nitriki, suuza sana kwa maji yaliyokenekwa, na usitumie maji ya bomba hata tone, kwa sababu kloridi iliyomo huigeuza nitrati kuwa unga mweupe wa kloridi ya fedha.

Asiyetaka kuchemsha atumie njia ya Leopold na Lendl ya mwaka 2003, inayotumia haidroksilamini katika joto la kawaida la chumba. Koloidi hupatikana ndani ya muda mfupi sana.

Kwa nini huongezwa chumvi kabla ya kupima?

Ili kutengeneza mapengo. Kila chembe imevaa sitrati yenye chaji hasi, kwa hiyo chembe husukumana na kukaa mbalimbali. Chumvi huufunika msukumano huo, chembe zikasogeleana na kuunda vishada. Utaiona kwa macho: njano inafifia na kuelekea kijivu. Kloridi ya sodiamu, nitrati ya potasiamu na salfeti ya magnesi zote hutumika, kila moja na tabia yake.

Tatizo ni kwamba vishada havisimami. Vinaendelea kukua, mwisho vinazama chini kama masimbi. Sampuli iliyopimwa dakika ya 2 na ileile ikapimwa dakika ya 20 ni sampuli mbili tofauti. Tumia saa. Chagua dakika moja na uifuate kwa kila sampuli bila huruma.

Nitumie leza ipi?

Kwa koloidi ya fedha, 532, 633 au 785 zote zinawezekana. Watu huuliza mbona chembe zinazoitikia 410 zifanye kazi na leza ya 785. Jibu ni vishada: chembe zikishikana, mwitikio wao husogea kuelekea wekundu na kutanuka. Kwa vyakula na mimea mimi huanza na 785 kwa sababu mng'ao wa sampuli hupungua sana. Anza na nguvu ndogo ya leza, upandishe taratibu.

Kila nikipima napata jibu tofauti. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea. Umerithi tabia ya njia yenyewe. Kama molekuli chache ndizo zinazobeba ishara, basi kuhamisha leza hatua ndogo tu kunakuletea mapengo mengine na ishara nyingine. Kinachonisumbua ni jinsi watu wanavyolijibu tatizo hili: hutafuta nukta iliyotoa spektra nzuri kuliko zote, wakaichapisha hiyo. Spektra moja nzuri haithibitishi kitu kwa anayetaka kujua kiasi cha sumu kwenye chakula.

Pima nukta nyingi, 30 au zaidi, zilizopangwa kabla hujaona matokeo, kisha toa wastani na mtawanyiko wake. Weka ndani ya kila sampuli kitu cha kulinganishia ambacho kiasi chake unakijua, ili ukuzaji ukipanda au kushuka vyote vipande na kushuka pamoja. Na kila siku ya kazi pima koloidi yenye chumvi bila sampuli. Hili nalisisitiza kwa sababu niliwahi kufuatilia siku tatu kilele karibu na 1400 (namba za vilele humu ni kiasi nuru ilichosogea, kwa kipimo cha cm⁻¹) nikiamini ni cha dawa niliyokuwa naitafuta. Kilikuwa cha sitrati, ile niliyoitia mwenyewe kwenye flaski. Kichupa kimoja kisicho na sampuli kingeniambia asubuhi ya kwanza.

Naona vilima viwili vipana, karibu na 1350 na 1580. Ni kitu gani hicho?

Ni kaboni. Umeichoma sampuli. Punguza nguvu ya leza na muda wa kupima. Leza inaweza pia kubadilisha molekuli bila kuiunguza: paraaminothiofenoli, iliyotumika kwa miaka mingi kama molekuli ya majaribio, huungana mbili mbili juu ya fedha chini ya leza, na vilele karibu na 1140, 1390 na 1432 vilivyodhaniwa ni vyake ni vya molekuli hiyo mpya.

Je, inafanya kazi kwa molekuli yoyote?

Hapana. Ukuzaji hushuka haraka mno ukienda mbali na uso, kwa hiyo molekuli isiyoshikamana na fedha ni kama haipo. Zenye salfa au nitrojeni hushika vizuri. Thiramu, dawa ya kuua kuvu, ina salfa inayoinasa fedha barabara na kutoa kilele kikali karibu na 1380, ndiyo maana utaikuta kwenye machapisho mengi. Glukosi haishikamani, na ili kuipima kundi la Van Duyne liliupaka uso wa fedha safu ya molekuli ndefu za kuizuilia hapo. Unapoona makala yenye matokeo mazuri, tazama kwanza kama molekuli iliyochaguliwa ni ile inayojipeleka yenyewe.

Tunaweza kupimia sumukuvu kwenye mahindi?

Swali hili naliulizwa kwa uchungu, na najua kwa nini. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 kufariki kwa mahindi yenye sumukuvu. Uwezo wa kuiona sumukuvu juu ya fedha au dhahabu upo, hasa uso ukibandikwa kingamwili za kuinasa.

Ugumu uko kwenye gunia. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo ya mahindi, yaani miligramu 1 katika gunia la kilo 100. Na miligramu hiyo haikusambaa sawasawa. Inaweza kuwa ndani ya punje chache zilizooza, huku maelfu ya jirani zake ni safi. Ukichota kiganja kimoja unaweza kuzikosa zote, na leza haiwezi kuona punje ambayo haikuletwa. Kisha mafuta na protini za mahindi hukimbilia fedha kabla ya sumu kufika. Kwa hiyo kazi ya kuchota sehemu nyingi za gunia, kusaga, kuchanganya na kukamua kwa kiyeyushi inabaki palepale. Anayekuuzia kifaa cha kuelekeza tu kwenye gunia na kupata jibu, mwombe akuonyeshe vipimo vyake kwenye mahindi halisi, si kwenye sumu safi iliyoyeyushwa.

Ni wapi imeleta jibu ambalo njia nyingine zingeshindwa?

Kwenye michoro ya zamani. Rangi nyekundu za mimea na wadudu hung'aa mno chini ya leza, na mwenye mchoro hakupi zaidi ya chembe isiyoonekana kwa macho. Pale Art Institute of Chicago upo mchoro wa Renoir wa mwaka 1883, picha ya Madame Léon Clapisson. Ulipotolewa kwenye fremu, ukingo uliokuwa umefichwa usifikiwe na nuru ulikutwa na wekundu mkali ambao sehemu nyingine ulikuwa umefifia. Kwa chembe za fedha wakaitambua: wekundu wa kokinili, unaotoka kwa mdudu. Hapa udhaifu wa kupima kiasi haukudhuru. Swali lilikuwa "hii ni nini?", na alama ya kidole ilitosha.

Vibao vyangu vya fedha vya kuwekea sampuli vimeingia weusi. Vinafaa?

Havifai tena. Ni ugonjwa uleule wa bangili ya bibi: salfa ya hewani imetengeneza salfidi ya fedha, na unyevu wa pwani huiharakisha. Funga vibao vipya kwenye mfuko usiopitisha hewa. Koloidi iweke kwenye chupa ya rangi ndani ya friji, lakini isigande. Ikiganda haiponi.

Kuna hatari gani?

Nitrati ya fedha hutia ngozi madoa meusi ambayo hutayaona mpaka kesho yake, nayo hukaa siku nyingi. Machoni ni mbaya zaidi. Vaa glavu na miwani. Leza nyingi za Raman zinaharibu jicho kabla hujapepesa. Usichanganye nitrati ya fedha na amonia ukaiacha imekaa, maana hutengeneza vitu vinavyolipuka vyenyewe. Taka za fedha zisiende sinkini, kwani fedha ni sumu kwa samaki na bakteria wa majini. Kusanya, ongeza chumvi, chuja ile kloridi.

Sina mashine ya Raman. Nianzie wapi?

Anza na spektromita ya kawaida ya ufyonzaji, ambayo vyuo vingi wanayo. Tengeneza koloidi mara tano, siku tano tofauti, uzichore zote kwenye karatasi moja. Kilele kikisimama mahali pamoja mara tano, na mkia wa upande wa wekundu ukawa mfupi, una kitu cha kupeleka kwa mwenye mashine. Kikihamahama, rudi kwenye flaski na maji yako.